Kuiweka Laravel hewani kwenye hostingi ya pamoja isiyo na SSH

Miongozo mingi ya Laravel, fremuwaki ya PHP, huanza kwa kukuambia uingie kwenye seva kwa SSH (njia ya kuandika amri kwenye seva ukiwa mbali), uandike `composer install`, halafu `php artisan migrate`. Wakati huohuo mteja wako ameshalipia mwaka mzima wa kifurushi cha bei ya chini chenye cPanel, paneli ya kusimamia hostingi kwa kivinjari. SSH haimo, na ukiomba wakufungulie unajibiwa upande kifurushi. Nimeandika kwa ajili ya hali hiyo. Nachukulia unatumia Laravel 11 au 12, MySQL au MariaDB, na akaunti ya cPanel iitwayo `mtumiaji`. Programu yenyewe tutaiita `duka`.

Hostingi ya pamoja ni nyumba ya kupanga. Chumba ni chako, ila maji, umeme na ua ni vya wote, na mwenye nyumba ana masharti yake ili mpangaji mmoja asiwaletee wenzake balaa. CloudLinux, mfumo uliomo kwenye seva nyingi za aina hii, huifungia kila akaunti ndani ya CageFS isione faili za wengine, kisha huipimia CPU, memori na idadi ya michakato inayoendeshwa kwa wakati mmoja. Ukizidisha, wageni wako wanaweza kuona kosa la 508. Ushauri wangu ni kutoshindana na kufuli hizo. Kazi yote nzito ifanyie kwenye kompyuta yako, na seva iachiwe kusoma faili na kuziendesha tu.

## 1. Jua kwanza umekatazwa nini

Kabla ya kupakia chochote, tengeneza faili moja ndani ya `public_html` na uipe jina ambalo mtu hawezi kulikisia, mfano `kagua-8h3k.php`:

```
<?php
header('Content-Type: text/plain');
echo PHP_VERSION, ' ', php_sapi_name(), "\n";
echo 'zimezimwa: ', ini_get('disable_functions'), "\n";
echo 'mipaka: ', ini_get('open_basedir'), "\n";
foreach (['ctype','curl','dom','fileinfo','mbstring',
          'openssl','pdo_mysql','tokenizer','xml'] as $e) {
    echo $e, extension_loaded($e) ? ' ipo' : ' HAIPO', "\n";
}
```

Ifungue kwa kivinjari, nakili majibu mahali, kisha ifute palepale. Usiiache "nitaifuta kesho".

Laravel 11 na 12 zinataka PHP 8.2 kwenda juu. Toleo la PHP unalibadilisha mwenyewe ndani ya cPanel, kwenye `MultiPHP Manager` au `Select PHP Version`, na kwenye huo ukurasa wa pili ndiko unakowasha ekstensheni. `fileinfo` mara nyingi hukutwa imezimwa. `pdo_mysql` ikikosekana utapata ujumbe wa `could not find driver`. Kwenye orodha ya CloudLinux inaweza kuwa imeandikwa `nd_pdo_mysql`, na hiyo inafaa vilevile.

Mstari wa `zimezimwa` usikutishe. Kwa kawaida utaona `exec`, `shell_exec`, `system`, `passthru`, `popen`, `proc_open` na pengine `symlink`. Laravel haihitaji hata moja kati ya hizo kumwonyesha mgeni ukurasa. Utakapozikosa ni kwenye ratiba za kazi na kwenye kiungo cha folda ya picha, na yote mawili yana njia ya kupita.

Mstari wa `mipaka` ndio wa kuusoma kwa makini. Ukiwa mtupu, au ukionyesha `/home/mtumiaji`, endelea. Ukionyesha `public_html` peke yake, PHP haitaruhusiwa kusoma chochote nje ya folda hiyo, na mpangilio wa hatua ya tatu utakwama kwa `open_basedir restriction in effect`. Waandikie wenye hostingi wapanue mpaka hadi nyumbani kwa akaunti yako. Ni ombi dogo. Wakikataa kabisa, weka programu ndani ya `public_html/duka` na humo uweke `.htaccess` yenye mstari mmoja, `Require all denied`. Kwangu hiyo ni njia ya dharura. Siku mstari huo ukipotea wakati wa kuhamisha faili, siri zote zinabaki wazi.

## 2. Andaa toleo kwenye kompyuta yako

Fanyia kazi hii kwenye nakala, usiharibu folda unayoandikia kila siku:

```
git clone duka duka-toleo
cd duka-toleo
composer config platform.php 8.2.0
composer install --no-dev --optimize-autoloader
npm ci
npm run build
```

Mstari wa `platform.php` unamwambia Composer, kisakinishi cha vifurushi vya PHP, kwamba seva ina PHP 8.2, hata kama kompyuta yako ina 8.4. Weka namba uliyoisoma kwenye hatua ya kwanza. Ila `composer install` hufuata `composer.lock`: kama faili hiyo ilitengenezwa kwa vifurushi vinavyodai toleo la juu zaidi, huenda Composer asigome mbele yako, na kosa likaonekana kwenye seva ya mteja. Suluhisho ni kuweka mstari huo kwenye mradi wenyewe na kuendesha `composer update` huko.

Kabla ya kufunga zipu, kuna vitu vinne vya kufuta, na kila kimoja kina kosa lake maarufu.

Futa `node_modules`. Ina maelfu ya faili ambazo seva haizihitaji, na hostingi ya pamoja huhesabu idadi ya faili zako, mbali na ukubwa wake.

Futa kila faili ya `.php` ndani ya `bootstrap/cache`, ukiiacha folda yenyewe. Huko huandikwa orodha ya vifurushi. Ikiandikwa wakati vifurushi vya uendelezaji vipo, seva itavitafuta na kulia `Class "Laravel\Pail\PailServiceProvider" not found`. Na ukiwa umewahi kuendesha `config:cache` kwenye kompyuta yako, humo pia kuna `config.php` iliyojaa njia za faili kama `C:\Users\...`, ambazo seva ya Linux haizijui.

Futa `public/hot` kama ipo. Hiyo ndiyo inayofanya ukurasa ufunguke bila rangi wala mpangilio, kwa kuwa unatafuta CSS kwenye `localhost:5173` ya mtu anayetazama.

Futa folda ya `.git`. Historia ya msimbo wako, pamoja na paswadi ulizowahi kuziandika humo kwa haraka, haina kazi kwenye seva.

Wanaotumia Windows waangalie jambo jingine: Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. `App\Models\Bidhaa` iliyohifadhiwa kwenye `bidhaa.php` inafanya kazi kwenye kompyuta yako, ila seva itasema haipo.

Sasa funga zipu. Kuipakia moja na kuifungulia ndani ya `File Manager` ni kazi ya dakika chache. Kurusha `vendor`, folda ya vifurushi vya Composer, faili moja moja kwa FTP ni kazi ya mchana kutwa, tena mtandao ukikatika katikati hutajua kipi kimebaki.

## 3. Msimbo nje, mlango ndani

Hapa ndipo watu wengi hukosea. `public_html` inaonekana na dunia nzima. Ndani ya Laravel, folda iliyoandaliwa kuonekana na dunia ni `public` peke yake. Ukimwaga mradi wote ndani ya `public_html`, mtu akiandika `/.env` mwishoni mwa anwani anaweza kusoma paswadi ya databesi, na zipo programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu anwani hiyohiyo.

Kama tovuti itakaa kwenye sabdomeini au domeini ya nyongeza, kazi ni rahisi. Wakati wa kuiunda, cPanel inakuuliza `Document Root`. Andika `duka/public` na umemaliza hatua hii. Domeini kuu ya akaunti ndiyo ambayo kwa kawaida huruhusiwi kuihamisha kutoka `public_html`. Kwa hiyo panga hivi:

```
/home/mtumiaji/duka          mradi wote
/home/mtumiaji/public_html   yaliyokuwa ndani ya public
```

Hamisha vilivyomo ndani ya `duka/public` kwenda `public_html`. Kwanza bonyeza `Settings` ndani ya `File Manager` na uwashe `Show Hidden Files`. Bila hivyo `.htaccess` itabaki nyuma, ukurasa wa kwanza utafunguka vizuri, na kurasa nyingine zote zitatoa 404. Kisha hariri `public_html/index.php` iwe hivi:

```
<?php
use Illuminate\Http\Request;

define('LARAVEL_START', microtime(true));

$mradi = __DIR__.'/../duka';

if (file_exists($m = $mradi.'/storage/framework/maintenance.php')) {
    require $m;
}

require $mradi.'/vendor/autoload.php';

$app = require_once $mradi.'/bootstrap/app.php';
$app->usePublicPath(__DIR__);
$app->handleRequest(Request::capture());
```

Mstari wa `usePublicPath` ndio unaosahaulika. Bila huo Laravel inaendelea kuamini kwamba folda ya wazi ni `duka/public`, inaitafuta `build/manifest.json` huko, na unapata `Vite manifest not found` ingawa faili unaiona kwa macho yako.

## 4. Faili ya .env

Iandike moja kwa moja kwenye seva, isisafiri ndani ya zipu.

```
APP_ENV=production
APP_DEBUG=false
APP_URL=https://domeini-yako.co.tz
DB_CONNECTION=mysql
DB_HOST=localhost
DB_DATABASE=mtumiaji_duka
DB_USERNAME=mtumiaji_duka
DB_PASSWORD="p#swadi-ndefu"
```

`APP_KEY` itengeneze kwenye kompyuta yako kwa `php artisan key:generate --show` na uibandike. Paswadi yenye alama ya `#` lazima iwe ndani ya alama za kunukuu, la sivyo kila kilicho baada ya alama hiyo huhesabiwa maoni na databesi itakukataa huku ukiapa kwamba paswadi ni sahihi. Na andika `localhost`, si `127.0.0.1`: watumiaji wa databesi kwenye cPanel husajiliwa kwa jina hilo, na baadhi ya seva haziyachukulii mawili hayo kuwa kitu kimoja.

`APP_DEBUG=true` kwenye tovuti iliyo hewani ni hatari. Udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2021-3129 uliwawezesha wavamizi kuendesha msimbo wao kwenye tovuti za Laravel zilizoachwa katika hali hiyo, kupitia kifurushi cha Ignition cha kabla ya toleo 2.5.2. Ukitaka kuona kosa, soma `storage/logs/laravel.log`. Ikiwa tupu, tatizo limetokea kabla Laravel haijaamka: tazama faili ya `error_log` ndani ya `public_html`.

## 5. Databesi bila ruhusa kuu

Kwenye `MySQL Databases` unda databesi, unda mtumiaji, kisha umuunganishe mtumiaji na databesi kwa `Add User To Database`. Ni hatua tatu, na ya tatu ndiyo hurukwa.

Kupeleka majedwali, hamisha databesi ya kompyuta yako hadi faili ya SQL na uiingize kwa phpMyAdmin. Huku utakutana na vikwazo vya ruhusa kwa namba:

Kosa `#1044` maana yake faili yako ina mistari ya `CREATE DATABASE` au `USE`. Huruhusiwi kuunda databesi kwa njia hiyo. Ifute mistari hiyo.

Kosa `#1227`, linalotaja `SUPER`, linatokana na `DEFINER=` kwenye vyuu (views), triga (triggers) au prosija (procedures), au na mstari wa `GTID_PURGED`. Ondoa vipande vya `DEFINER` kwa kihariri cha maandishi. Ukitumia `mysqldump` ya MySQL 8, ongeza `--set-gtid-purged=OFF`.

Kosa `#1273` si la ruhusa, ila huja na msafara huohuo. Kompyuta yako ina MySQL 8 na seva ina MariaDB isiyoijua `utf8mb4_0900_ai_ci`. Badilisha kila mahali iwe `utf8mb4_unicode_ci`, na kwenye `.env` weka `DB_COLLATION=utf8mb4_unicode_ci`.

Faili ikizidi kikomo cha kupakia, ibane iwe `.sql.gz`, phpMyAdmin huifungua yenyewe.

## 6. Ruhusa za faili na .htaccess

Folda 755, faili 644, `.env` 600. Kwenye seva nyingi za cPanel PHP huendeshwa kwa jina la akaunti yako, kwa hiyo wewe ndiye mwenye faili na hiyo 755 inatosha hata kwa `storage` na `bootstrap/cache`. Ushauri wa kuweka 777 ulioenea kila kona haukusaidii hapa. Unaweza hata kuiangusha tovuti, kwa kuwa suPHP na suEXEC hukataa kuendesha faili ambayo kila mtu anaweza kuiandika na kutoa kosa la 500.

Kosa la 500 linalotokea mara tu baada ya kuweka `.htaccess` huwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni mstari wa `Options`: kama seva hairuhusu, logi itaandika `Options not allowed here`, nawe utauwekea alama ya `#` mbele. Cha pili ni `php_value`, ambayo Apache haiielewi PHP inapoendeshwa kwa FPM, yaani kama huduma iliyo nje ya Apache. Mipangilio ya aina hiyo iandike kwenye `.user.ini` ndani ya `public_html`, bila kusubiri matokeo papo hapo: PHP huisoma upya kila sekunde 300.

Cheti cha HTTPS hakina mambo mengi. Kwenye `SSL/TLS Status` bonyeza `Run AutoSSL` na usubiri. Kisha fungua `https://domeini-yako/.env` mwenyewe. Inapaswa kukuletea 403 au 404.

## 7. Picha zinazopakiwa

`php artisan storage:link` inategemea kiungo ambacho seva inaweza kuwa imekikataza, na hata isipokikataza itakiweka ndani ya `duka/public`, mahali ambapo hakuna anayepatazama tena. Mimi naruka kiungo kabisa. Kwenye `config/filesystems.php`, diski ya `public`:

```
'root' => env('FOLDA_YA_PICHA', storage_path('app/public')),
```

na kwenye `.env` ya seva:

```
FOLDA_YA_PICHA=/home/mtumiaji/public_html/storage
```

Ndani ya folda hiyo ya picha weka `.htaccess` ya kuzuia faili za PHP, maana ndiyo pekee ambayo wageni wanaweza kuiandikia:

```
<FilesMatch "\.(php|phtml|phar)$">
    Require all denied
</FilesMatch>
```

## 8. Kroni ndiyo terminali yako

Hata pasipo SSH, `Cron Jobs`, sehemu ya cPanel ya kupanga amri zijiendeshe kwa saa ulizoweka, huwa ipo, na chochote ulichotaka kuandika kwenye terminali unaweza kukiagiza hapo. Kuendesha maigresheni, yaani faili za Laravel zinazobadilisha majedwali ya databesi:

```
cd /home/mtumiaji/duka && /opt/cpanel/ea-php82/root/usr/bin/php artisan migrate --force >> /home/mtumiaji/kroni.log 2>&1
```

Weka dakika chache mbele, soma `kroni.log`, kisha uifute kazi hiyo. Njia ndefu ya PHP ni ya lazima, kwani `php` tupu inaweza kuwa toleo jingine kabisa na lile la tovuti. Kwenye CloudLinux huwa `/opt/alt/php82/usr/bin/php`. Wapo wanaofungua ruti ya wavuti yenye `Artisan::call('migrate')` ili wabonyeze kwa kivinjari. Usifanye hivyo, ruti hizo husahaulika zikiwa wazi.

Kwa foleni ya kazi zinazofanyika nyuma ya pazia, weka kila dakika, au kila dakika tano kama hostingi haikubali chini ya hapo:

```
php artisan queue:work --stop-when-empty --max-time=50
```

(ukitanguliza `cd` na njia ndefu kama hapo juu). Inafanya kazi zilizopo na kujizima, hivyo haikai ikila mgawo wako wa michakato.

`schedule:run` nayo ina kisa chake. Kila `Schedule::command` huanzisha mchakato mpya kwa `proc_open`, na ikiwa imezimwa unapata `The Process class relies on proc_open`. Badala yake tumia `Schedule::call(fn () => Artisan::call('ripoti:tuma'))`, ambayo hubaki ndani ya mchakato uleule. Saa ya seva huenda ikawa ya UTC, saa tatu nyuma yetu. Ripoti ya saa mbili usiku iandike `->dailyAt('20:00')->timezone('Africa/Dar_es_Salaam')`.

## 9. Barua pepe na M-Pesa

Ukijaribu kutuma kupitia `smtp.gmail.com` ukapata kosa la cheti lenye `Peer certificate CN` na jina la seva ya hostingi, Gmail haina hatia. Seva imezuia programu kuzungumza na seva za barua za nje na inaurudisha muunganisho kwake yenyewe. Tumia akaunti ya barua ya domeini yako iliyoundwa ndani ya cPanel, au huduma inayotuma kwa API ya HTTPS.

Kama duka linapokea malipo kwa Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, Kenya, anwani ya majibu iwe ya HTTPS, na isiwe na maneno kama `mpesa`, `safaricom`, `exec`, `cmd`, `sql` au `query`. Maelekezo ya Daraja yenyewe yanasema yaepukwe. `/malipo/jibu` inatosha. Iondoe kwenye ukaguzi wa CSRF (ulinzi dhidi ya maombi yanayoghushiwa kutoka tovuti nyingine) ndani ya `bootstrap/app.php`:

```
$middleware->validateCsrfTokens(except: ['malipo/*']);
```

Malipo yakikatwa kwa mteja lakini oda ikabaki "inasubiri", na logi ya Laravel haina kitu, tazama logi ya Apache. Ukiona 403, ModSecurity, kichujio cha usalama cha seva, imelizuia jibu kabla halijafika. Watumie wenye hostingi saa na namba ya kanuni iliyozuia, waiondoe kwa anwani hiyo moja. Usikubali wakuzimie ModSecurity nzima.

## 10. Kupeleka toleo jipya

Fungulia zipu mpya kwenye `/home/mtumiaji/duka-mpya`. Nakili humo `.env`, pamoja na `storage/app` kama una faili za ndani. Peleka `public/build` mpya kwenye `public_html/build`. Kisha badilisha majina: `duka` iwe `duka-zamani`, `duka-mpya` iwe `duka`. Tovuti inakosekana kwa sekunde chache tu, na jambo likiharibika unarudisha majina yalivyokuwa.

Kama toleo lina maigresheni, pakua kwanza nakala ya databesi kwa phpMyAdmin, kwa sababu kurudisha majina ya folda hakurudishi safu uliyoifuta. Kama uliwahi kuendesha `config:cache`, mabadiliko ya `.env` hayatasomwa hadi ufute `bootstrap/cache/config.php`. Zipu nazo zifute, hasa ile iliyopakiwa kwa bahati mbaya ndani ya `public_html`, kwa kuwa `duka.zip` ni jina ambalo yeyote anaweza kulijaribu.